Nadhiri ya El Cedral

Kila mwaka, siku za mwisho za mwezi wa Aprili zinapowadia na mawingu ya mvua kuanza kujikusanya juu ya Bahari ya Karibi, wenyeji wa kisiwa cha Cozumel, kilicho mashariki ya rasi ya Yucatán katika nchi ya Meksiko, huupa kisogo mji wao wa pwani na kuelekea kusini, hata kijiji kidogo cha ndani kiitwacho El Cedral, ili kutimiza nadhiri iliyowekwa na mtu mmoja yapata miaka mia na sabini na kitu iliyopita, mtu ambaye hapana hata mmoja miongoni mwao aliyepata kumwona kwa macho. Waandishi wengi waielezao sherehe hiyo husema kwamba ni tamasha la ng'ombe, ngoma na vyakula, wala hawasemi uongo. Lakini mimi niliyeihudhuria nashuhudia kuwa asili yake ni deni, na kwamba wenyewe hasa wa sherehe ni wale wajuao kuwa wanalipa.

Aendaye Cozumel aghalabu hupanda feri katika mji wa Playa del Carmen, na kwa muda usiotimia saa nzima huvuka mlango wa bahari wenye upana wa kilomita zipatazo 20, ambao maji yake yana mkondo mkali uendao kaskazini usiku na mchana. Kisiwa chenyewe ni tambarare, urefu wake wapata kilomita 48 na upana wake 16. Ardhi yake ni mawe ya chokaa yaliyofunikwa na msitu mfupi, wala hakina mto hata mmoja, bali maji matamu hupatikana katika mashimo na mapango yaliyo chini ya mawe hayo. Mji mkuu, San Miguel, umekaa upande wa magharibi uliokingwa na upepo, na hapo gatini hufunga meli za watalii ndefu kuliko mtaa, zikimwaga kila mwaka wageni kwa mamilioni, ambao hukaa saa chache, wakanunua fedha na mazulia, wakaogelea penye matumbawe, kisha wakarudi melini kabla ya jua kuchwa. Sikukaa sana mjini. Siku iliyofuata nilichukua gari la abiria kwenda kusini, na tulipoiacha barabara kuu ya pwani tukaingia ndani, ghafla bahari ikapotea, na mahali pake pakawa na maboma ya farasi, miembe, kuku njiani, na harufu ya kuni mbichi zinazofuka moshi.

Ili mtu aifahamu nadhiri ya El Cedral yafaa kwanza ajue kuwa kisiwa hiki kilikuwa mahali pa ziara karne nyingi kabla ya msalaba kufika. Wamaya wa bara walikuja hapa kwa mitumbwi, wakiukata ule mkondo nilioutaja, ili kumzuru Ixchel, mungu wao wa kike wa uzazi, uganga na mwezi, na magofu ya San Gervasio, yaliyo kaskazini ya kisiwa katikati ya msitu, ndiyo masalia ya mji uliowapokea mahujaji hao, ambao wengi wao walikuwa wanawake. Padri Diego de Landa, aliyeandika habari za Wamaya katika karne ya 16, na ambaye hakuwa rafiki wa dini yao, alikiri kwamba ziara ya Cozumel ilikuwa na hadhi kwao sawa na ile ya ziara za Yerusalemu na Roma kwa Wakristo. Wanahistoria wa Kihispania husimulia kuwa hapo palikuwa na sanamu kubwa ya udongo, tupu ndani, ambayo kuhani aliingia kwa nyuma akawajibu wenye haja zao. Na habari hii ya sanamu inenayo niliikumbuka sana baadaye, kwa sababu nitakayoieleza.

Tarehe 3 Mei mwaka 1518 Juan de Grijalva, aliyekuwa ametweka kutoka Kuba, alikiona kisiwa, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Msalaba Mtakatifu akakipa jina la Santa Cruz. Mwaka uliofuata akaja Hernán Cortés, akaziangusha sanamu katika mahali pa ibada, akasimamisha msalaba na picha ya Bikira Maria. Na mwaka 1520 msafara wa Pánfilo de Narváez ukaleta ndui, ambayo iliwafagia wenyeji wasiokuwa na kinga yoyote dhidi yake. Kisiwa kilichokuwa na maelfu ya watu kikawa na mamia, kisha na wachache, kisha kikabaki kuwa maficho ya maharamia na makao ya ndege, mpaka ilipozuka vita bara.

Vita hiyo, iitwayo na wanahistoria Vita ya Matabaka, ilianza mwezi wa Julai mwaka 1847, baada ya kuuawa kwa kiongozi wa Kimaya aliyeitwa Manuel Antonio Ay katika mji wa Valladolid, nayo sababu zake zilikuwa zimekwisha kulimbikizana miaka mingi: ardhi za Wamaya zilichukuliwa kwa mashamba ya miwa, kodi za serikali na ada za kanisa ziliwaelemea, wengi walikuwa wamefungwa katika utumwa wa madeni, na ahadi walizopewa wakati walipoitwa kuwapigania mabwana wao wenye kugombea madaraka hazikutimizwa. Walipoinuka waliinuka kwa ghadhabu ya karne tatu, na katika ghadhabu hiyo walikufa wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Yasimuliwa kwamba katika kijiji cha Sabán watu walikimbilia kanisani, wakauawa humo, na kwamba mmoja wao, Casimiro Cárdenas, alisalimika akiwa ameukumbatia msalaba mdogo wa mti. Naye akaweka nadhiri kuwa maadamu yu hai, na baada yake dhuria yake, ataufanyia msalaba huo karamu kila mwaka. Familia chache za wakimbizi, yeye akiwa miongoni mwao, zilivuka bahari mwaka 1848, zikapiga kambi Cozumel, na hapo kisiwa kikapata watu tena.

Jambo ambalo sikuliona likiandikwa sana, nalo kwangu ndilo lililo zito kuliko yote, ni kwamba upande wa pili wa vita ile nao ulikuwa na msalaba wake. Mwaka 1850, Wamaya waliokuwa wameshindwa na kusukumwa katika misitu ya mashariki, wenye njaa na waliokata tamaa, walipata kando ya kisima cha mawe msalaba ambao walisema ulinena, ukawaamuru waendelee kupigana. Wakajenga mji kuuzunguka, wakauita Chan Santa Cruz, nao wakaishi huko kwa amri zao wenyewe kwa nusu karne, hata jeshi la Jenerali Ignacio Bravo lilipouingia mwaka 1901. Basi wakimbizi waliotoroka mapanga na wapiganaji walioyashika mapanga hayo walipiga magoti mbele ya umbo moja la miti miwili, kila upande ukiomba kuokolewa mikononi mwa mwenziwe. Na ikiwa msalaba wa Chan Santa Cruz ulinena katika nchi ambayo zamani sanamu ya Cozumel ilinena, sioni ajabu, kwani watu wa nchi hiyo hawakuwahi kuamini kuwa kitu kitakatifu chaweza kukaa kimya wakati waja wake wanaangamia. Nasema haya kwa sababu wako wanaopenda kuifanya sherehe ya El Cedral kuwa kumbukumbu ya ushindi wa wastaarabu juu ya washenzi. Si hivyo hata kidogo. Miongoni mwa waliovuka bahari walikuwamo Wamaya pia, na sala zinazosomwa leo, vyakula vinavyopikwa na mavazi yanayovaliwa vina asili ya Kimaya nusu au zaidi ya nusu.

Kanisa la El Cedral ni dogo, na ubavuni mwake limesimama gofu moja la kale la Kimaya, fupi, lenye mlango ambao mtu mzima huuingia kwa kuinama. Humo kanisani misalaba imepangwa juu ya madhabahu nayo imevikwa nguo nyeupe za hariri na lasi zenye taraza za maua, kwa kuwa kwa Wamaya msalaba ni pia ule mti mkubwa wa uhai, mti wa msufi, ushikao mbingu, ardhi na kuzimu pamoja, na hauachwi uchi. Nilifika mapema jioni ya kwanza, kabla ya sala, nikamkuta mwanamke mzee ameketi juu ya kigoda, nguo ya msalaba mmoja magotini mwake, akishona upindo uliokuwa umefumuka. Alikuwa amevaa subana ya shaba katika kidole chake cha kati, na uzi aliukata kwa meno, kisha akaupitisha tundu la sindano mara ya kwanza bila miwani. Nikamwamkia kwa Kihispania changu cha kujifunzia, nikamwita Bibi, naye akanionyesha kwa kidevu mahali pa kukaa.

"Upindo huu aliushona mama yangu," akaniambia. "Mimi naurekebisha tu. Huyu mjukuu wangu hataki kushika sindano, anashika simu. Lakini atashika, mwanangu. Sisi sote tulikuwa hatutaki."

Sala huendelea kwa siku tisa mfululizo, nayo ndiyo novena. Kila jioni mwanamke mmoja, mwenye sauti kavu isiyotetereka, huongoza rozari na litania, na wengine huitikia. Hapana padri katika nyingi za jioni hizo, wala hahitajiwi, kwa sababu ibada hii tangu mwanzo ilikuwa amana ya familia na si ya paroko. Mimi niliyelelewa katika madrasa niliketi benchi la nyuma kabisa, nikasikiliza, na ingawa maneno hayakuwa yangu, mwendo wake nilikuwa naujua: uchovu uingiao katika kurudia-rudia, kisha utulivu ujao baada ya uchovu, kisha ile hali ambapo mtu hasikii tena sauti yake peke yake bali sauti ya jamii nzima. Uvumba wa kopali ulikuwa ukifuka. Watoto walilala juu ya mapaja. Sala ilipokwisha vikapitishwa vikombe vya chokoleti ya moto na mkate mtamu, na hapo ndipo watu walipoanza kucheka.

Kutoka hapo hata uwanja wa tamasha si mbali, lakini ni dunia nyingine. Kuna maonyesho ya mifugo, mbio za farasi, bembea za watoto zenye taa za rangi, vipaza sauti vinavyoshindana, na vibanda ambamo nyama iliyotiwa kiungo chekundu cha achiote na maji ya machungwa machungu, ikafungwa katika majani ya mgomba na kuokwa shimoni chini ya ardhi, huuzwa ndani ya chapati ndogo za mahindi. Mengi ya hayo mtu aweza kuyaona katika gulio lolote la nchi hiyo, nami sitakawia nayo hapa. Lakini jarana sitaipita.

Jarana ni ngoma ya watu wa Yucatán, nayo huchezwa juu ya jukwaa la mbao ili miguu isikike. Wanawake huvaa terno, vazi la sehemu tatu, jeupe, lenye taraza nzito za maua kifuani na chini, na maua mengine nyweleni. Wanaume huvaa suruali nyeupe, shati jeupe na makubadhi ya ngozi yenye kisigino kigumu. Bendi ni ya tarumbeta, zumari na ngoma za shaba, na mwendo wake hubadilika-badilika baina ya mapigo sita na mapigo matatu, hata mgeni hupoteza hesabu, ilhali wachezaji hunyoosha migongo, wakatuliza vichwa, na kazi yote ikafanywa na miguu. Ustadi wao hupimwa hapo: msichana mmoja alicheza akiwa ameweka kichwani sinia lenye glasi zilizojaa maji, akageuka mara nyingi, wala sikuona tone likianguka. Kisha, pasipo taarifa, mtu hupiga kelele "Bomba!", bendi hunyamaza mara moja, na mwanamume husogea mbele akasoma ubeti mmoja wa mistari minne yenye vina, wa kumsifu mwenziwe au kumchokoza, bendi huanza tena, halafu bibi naye husimamisha muziki kwa neno lilo hilo, akamjibu. Halaiki hushangilia aliyeshinda. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea kujibizana kwa mashairi harusini, hahitaji mkalimani wa kumweleza ni nani aliyeumbuka.

Usiku wa mwisho huja ngoma ya kichwa cha nguruwe. Kichwa kilichookwa huwekwa juu ya sinia, kikapambwa kwa riboni ndefu za rangi nyingi, mkate ukatiwa kinywani, na mtu mmoja akakibeba juu ya kichwa chake. Wachezaji hushika kila mmoja ncha ya riboni, wakamzunguka kwa duara, kisha wakarudi kinyume, na nyuma yao mtu mwingine hutikisa kibuyu chenye punje za mahindi akikiita kile kichwa kwa namna mfugaji aitavyo mnyama wake jioni. Mimi nisiyeila nyama hiyo nilisimama kando, lakini sikuona dhihaka wala uchafu katika tendo hilo, niliona sadaka. Wenyeji walinieleza kuwa katika vijiji vya Yucatán anayekipokea kichwa hupokea pamoja nacho dhima ya karamu ya mwaka ujao, na kwamba kukikataa ni fedheha ambayo watoto wa mtu hukumbushwa.

Sherehe nyingine za kisiwa nitazitaja kwa ufupi, kwa kuwa baadhi yake nilizipata kwa masimulizi ya wenyeji wangu. Iko kanivali, itanguliayo Kwaresima, iliyoanzishwa na vijana wa karne ya 19 waliopita mitaani kwa makundi wakiimba na kujipamba, ambayo leo ina magari yaliyorembwa, mfalme na malkia, na humalizika kwa kuchomwa moto sanamu la Juan Carnaval, abebaye makosa ya mwaka mzima. Iko sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli, msimamizi wa mji, tarehe 29 Septemba, ambapo vyama vya kazi hupeleka mabendera yao kanisani kwa zamu. Na iko Hanal Pixán, karamu ya roho, kuanzia tarehe 31 Oktoba hata 2 Novemba: siku ya kwanza huandaliwa watoto waliokufa, kwa kitambaa chenye rangi na vitu vitamu, siku ya pili watu wazima, siku ya tatu roho zote. Bibi yule mshonaji alinieleza kwa kirefu namna wachimbavyo shimo uani, wakapasha mawe hata yakawa mekundu, wakazika humo andazi kubwa la mahindi lililojazwa kuku na kufungwa kwa majani ya mgomba, na namna watoto walio hai wanavyofungwa uzi mwekundu kifundoni mwa mkono, ili wale wafu wanaokuja kula wasiwachukue kwa kuwadhania kuwa ni wao.

Tangu mwaka 2007 umefufuliwa pia ule uvukaji wa mitumbwi kwenda kwa Ixchel. Mamia ya wapiga makasia, baada ya mazoezi ya miezi mingi, huondoka alfajiri katika pwani ya Xcaret, iliyoitwa zamani Polé, na kuukata mkondo hata Cozumel, kisha wakarudi. Wako wanaolidharau jambo hilo kwa kuwa nyuma yake kuna kampuni ya burudani na watazamaji wa kulipa. Mimi siwezi kulidharau. Mtu aliyepiga kasia kwa saa nyingi dhidi ya maji yale, mikono ikamchubuka, amelipa nauli yake kwa namna isiyoweza kuigizwa. Lakini nikipewa khiari, nitarudi kwa yule mshonaji, kwa sababu hakuna aliyemwajiri, na nguo ile ingevaliwa na msalaba hata kama mgeni asingefika kuitazama.

Ama tarehe 3 Mei yenyewe, sikukuu ya Msalaba Mtakatifu ambayo novena huishia kwayo, Papa Yohane wa 23 aliiondoa katika kalenda kuu ya Kanisa mwaka 1960, na Meksiko ikaendelea nayo. Nilipopita San Miguel asubuhi hiyo niliona juu ya kila nyumba isiyokwisha kujengwa msalaba wa mbao uliopambwa kwa maua ya karatasi, kwani hiyo ndiyo siku ya waashi, na mwenye nyumba hulazimika kuwapa chakula na kinywaji chini ya kivuli cha kuta walizojenga. Wakulima nao huihesabu kuwa mlango wa mvua. Jioni, El Cedral, sala ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko zote. Majina ya waliofariki tangu sherehe iliyopita yalisomwa, na kila jina liliitikiwa.

Baada ya ngoma ya kichwa cha nguruwe watu wachache walibaki kanisani, wazee kwa vijana, wakaketi kugawana kazi za mwaka ujao, mambo ambayo mtu angetarajia yafanyike kwa taadhima, nayo yalifanyika kwa daftari na kalamu ya risasi. Mmoja alichukua mishumaa, mwingine unga na sukari, ndugu wawili wakajifunga kutoa ndama kwa pamoja baada ya kubishana kidogo juu ya umri wake. Yule mzee wa sindano aliandikwa nguo, kama kila mwaka, akasema mjukuu wake aandikwe pia. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama nje na wenziwe aliitwa akapewa dhima ya maua. Akauliza kama yaruhusiwa kuyaagiza kutoka mji wa Mérida, bara, kwa kuwa ya kisiwani hayatoshi. Wakamkubalia, kwa sharti yafike kabla ya usiku wa kwanza wa novena, na gharama ya gari aibebe mwenyewe.